Aliyepiga Kura ya Mzee Cherehani

Mwizi hakuvunja mlango wala dirisha. Hakubeba redio, hakubeba kuku, hakugusa hata sufuria iliyokuwa jikoni. Alichoiba kilikuwa kura.

Mzee aliyekuja kuripoti wizi huo aliingia kituo cha polisi asubuhi, koti zito mabegani, fimbo mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika simu iliyofungwa kwenye leso. Mtaa mzima ulimwita Mzee Cherehani, kwa sababu alikuwa ameshona sare za shule za watoto wa pale, na kabla yao za wazazi wao. Nyuma yake alisimama mkaza mwanawe, mama mmoja wa sauti ndogo na macho ya kuomba radhi.

"Nimeibiwa," mzee alisema, akaiweka ile leso juu ya kaunta.

"Pole, mzee. Umeibiwa nini?" askari wa zamu aliuliza.

"Kura."

Askari akaweka kalamu chini. "Kura?"

"Ndiyo, kura! Au masikio nayo yako likizo?"

Sajini, aliyekuwa akinywa chai pembeni, alipaliwa. Alikuwa mtu mnene, mkongwe kazini, na kicheko chake kilianzia tumboni. "Mzee wangu, hapa tunapokea wizi wa kuku, baiskeli na waume wa watu. Kura hatujawahi."

"Basi leo anza," ilisema sauti kutoka mlangoni.

Ilikuwa sauti ya Inspekta. Wenzake walimpachika jina la Taratibu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akikimbia wala kumsikia akifoka. Lakini watuhumiwa waliokaa mbele yake walikuwa na kawaida ya kumweleza mambo ambayo hata wake zao hawakuyajua. Alimvutia mzee kiti, akakaa kumkabili.

"Kura ya Kapu?" aliuliza.

"Kuna nyingine?"

Hakukuwa na nyingine iliyozungumzwa sana mtaani siku zile. Kapu lilikuwa mfuko wa wakazi. Kila mwenye duka, kibanda au mshahara alitia humo kidogo kila mwezi, na halmashauri ikaongezea. Halikuwa na mweka hazina, wala mwenyekiti wa kutia saini. Mara moja kwa mwaka wakazi walipiga kura kwa simu kuchagua kazi moja ya manufaa kwa wote, na kazi iliyoshinda ililipwa na Kapu lenyewe, fungu baada ya fungu, bila mkono wa mtu kugusa. Kila kura na kila malipo yaliingia katika kitu walichokiita mnyororo: kumbukumbu iliyonakiliwa papo hapo kwenye simu na kompyuta za mamia ya wakazi, hata aliyetaka kufuta jambo moja ingembidi alifute kwa watu wote kwa mpigo mmoja. Walioanzisha mpango huo walikuwa wamechoshwa na wenyeviti waliokula fedha za taa na kuwaacha gizani.

Mwaka huo ushindani ulikuwa kati ya paa la soko na daraja la korongo. Daraja lilishinda, na kila mtu alishangaa, hata waliolipigia kura.

"Wewe ulitaka nini?" Inspekta aliuliza.

"Paa! Mvua ikinyesha pale sokoni vitambaa vyangu vinaogelea. Nimeliimba hilo paa mwaka mzima. Hata marehemu mke wangu nadhani amelisikia huko aliko."

"Na kura yako inasemaje?"

Mkaza mwana ndiye aliyejibu. "Daraja, Afande. Baba alikuwa anaumwa wiki ile ya kura. Siku ya mwisho nikampelekea simu kitandani apige. Simu ikasema, umeshapiga. Nikadhani amebonyeza vibaya mwenyewe, nikanyamaza. Jana ndiyo nikamwambia."

"Sijabonyeza," mzee alisema. Sauti ilikuwa imeshuka sasa. "Mama, mimi ni mzee, si mtoto. Kitu kimoja tu kwa mwaka naulizwa mimi kama mtu mzima, nacho kimechukuliwa."

Sajini aliacha kucheka.

*

Mkuu wa kituo hakupendezwa na jalada hilo. "Kura si kuku," alimwambia Inspekta.

"Ni zaidi ya kuku, Mkuu. Kura hizi ndizo zinazofungua fedha. Aliyeiba kura ameshika ufunguo wa mali ya umma."

"Kura moja?"

"Anayeiba kura moja hafaidi kitu. Kwa hiyo si moja."

Mkuu alijikuna kidevu, akampungia mkono aende.

Fundi wa mfumo wa Kapu alikuwa na ofisi juu ya duka la rangi, chumba chembamba chenye feni iliyolia kama panya. Watu walimwita Bwana Mnyororo. Alikuwa kijana wa shati lililopigwa pasi vizuri, na alionekana kama mtu anayesubiri kulaumiwa kila siku.

"Mnyororo haudanganyi," alisema hata kabla hajaulizwa.

"Sijasema unadanganya. Mtu anaweza kupiga kura ya mwenzake?"

"Hawezi. Inatakiwa simu yake na kidole gumba chake. Vyote viwili, kwa wakati mmoja."

"Na wewe?"

"Afande, mimi ni kama fundi bomba. Naweza kuziba panapovuja. Siwezi kugeuza maji yawe maziwa."

"Nipe majina ya waliopigia daraja."

"Sina. Kura inaingia na namba ya siri, haiingii na jina. Mwenye kura peke yake ndiye anaona yake."

"Ikithibitika zimeibiwa?"

"Wakazi wenyewe watapiga kura ya kubatilisha. Bila hiyo, fungu la pili la daraja litatoka mwisho wa mwezi. Hata ukinitia pingu litatoka. Hata mimi nikifa litatoka." Alisema hayo kwa fahari kidogo, kisha akaonekana kuyajutia.

Simu ya Mzee Cherehani ilipelekwa maabara ya uchunguzi. Majibu yalikuja haraka, kwa sauti ya mtaalamu aliyezungumza kana kwamba analipia kila neno.

"Hakuna programu ngeni. Haijadukuliwa. Kidole ni cha mwenye simu."

"Hakiwezi kuwa cha bandia? Plastiki, gundi?"

"Simu hii inakataa. Kidole kilikuwa hai."

Inspekta alikata simu, akatazama nje. Kidole hai cha Mzee Cherehani kilikuwa kimeligusa daraja, na Mzee Cherehani hakuwa na habari.

"Labda kasahau," Sajini alisema. "Uzee una mambo."

"Labda. Tukamwone anayefaidika."

Mkandarasi wa daraja walimkuta kwenye ukingo wa korongo, buti zimejaa udongo mwekundu, akigombana na vibarua juu ya shimo la msingi. Chini yao korongo lilikuwa kavu, limejaa mawe na matairi mabovu. Ng'ambo ya pili zilionekana nyumba chache za mabati, nguo zikiwa zimeanikwa, mbuzi wawili juu ya kichuguu. Kaya za ng'ambo hazikufika mia. Za upande huu hakuna aliyezihesabu.

"Umefurahi daraja kushinda?" Inspekta aliuliza.

"Nimefurahi?" Mkandarasi alicheka kwa uchungu. "Afande, zabuni ya paa nayo nilishinda mimi. Paa ni chuma na mabati, wiki chache nimemaliza, faida nimeshika. Hapa nachimba, nakuta jiwe. Nachimba tena, nakuta jiwe kubwa zaidi. Kama ningekuwa mwizi wa kura, ningejiibia hasara?"

Sajini alithibitisha zabuni zile mbili siku hiyo hiyo. Zilikuwa kama alivyosema.

"Basi hatuna mtu," Sajini alisema.

"Tuna miguu."

"Ya kwako au ya kwangu?"

"Yote."

Walianza kupita nyumba kwa nyumba. Ombi lao lilikuwa moja: fungua simu yako, tazama kura yako, tuambie kama ndiyo uliyoipiga. Vijana waliangalia wakatikisa kichwa, hakuna tatizo. Wenye maduka hawakuwa na tatizo. Mama mmoja alisema kura yake ni sahihi ila ya mumewe ndiyo ya kijinga. Jua lilikuwa kali, na Sajini alikunywa maji kila mlango uliomkaribisha.

Kisha wakaanza kuwapata. Dereva mstaafu aliyekaa kibarazani na mguu uliovimba: kura yake ilisema daraja, naye hakumbuki kupiga. Mjane wa fundi saa: vivyo hivyo. Mwalimu wa zamani aliyekuwa amepigia paa katika ndoto tu, maana alipotaka kupiga kweli simu ilimwambia ameshapiga. Wengi hawakuwa wamegundua chochote. Kufikia jioni walikuwa wamepata wazee wa kutosha kugeuza matokeo.

"Wote wazee," Sajini alisema. "Wote walikuwa hawatoki nyumbani wiki ile ya kura."

Kwa kila mmoja, Inspekta alichukua alama za vidole ili zilinganishwe na zile za usajili wa Kapu. Kwenye kidole gumba cha Mzee Cherehani alikuwa ameona vitone vidogo vyeusi, vimekaa kama alama za kalamu.

"Sindano," mzee alikuwa amemwambia. "Fundi cherehani asiyejichoma ni mwongo."

Jibu hilo lilimtosha. Lakini dereva mstaafu hakuwa fundi cherehani.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya bibi mmoja asiyeona, aliyeishi peke yake katika chumba kilichofagiliwa kikafagilika. Kila kitu kilikuwa mahali pake: kikombe, kandambili, redio. Sajini alipomwambia wanahitaji mkono wake, bibi alijifuta kiganja kwenye kanga, akanyoosha kidole gumba.

"Toboa tu, wanangu. Nimeshazoea."

Inspekta alikitazama kile kidole kwa muda. Kilikuwa na vitone.

"Hatutoboi, bibi," alisema kwa upole. "Tunapaka wino tu."

*

Jumapili mchana Inspekta alikwenda kwa mama yake, kama ilivyokuwa desturi yake kila alipopata nafasi. Mama alikuwa na kisukari. Alijipima mwenyewe kabla ya kula, na alichukia kusaidiwa, lakini siku hiyo miwani yake ilikuwa imevunjika mkono.

"Lete nikupime," Inspekta alisema. Akachukua kile kisindano kidogo, akamshika mama yake kidole gumba.

Mama akauvuta mkono. "We! Unataka kunilemaza? Hicho ndicho cha kushikia kila kitu. Wanatoboa huku." Akaonyesha kidole cha pete, pembeni, karibu na ukucha. "Pembeni, siyo katikati. Katikati panauma. Polisi wazima hamjui hata hilo?"

Inspekta alibaki na kisindano mkononi.

"Mama, kuna muuguzi anayeweza kutoboa kidole gumba?"

"Asiyejua kazi."

"Na anayejua?"

Mama alimtazama juu ya miwani iliyopinda. "Anayejua ana sababu yake. Hebu nipime, chakula kinapoa."

Kesho yake asubuhi Inspekta alirudi peke yake kwa bibi asiyeona. Aliketi kwenye mkeka, akapewa maji, akayanywa yote kabla ya kusema.

"Bibi, nani anakupima sukari?"

"Nesi. Yule wa zahanati. Binti mwema sana yule, anakuja kila wiki, mvua ije jua lije. Ananikata kucha. Ananisomea ujumbe wa mwanangu, hata kama mwanangu hajaandika." Bibi alitabasamu. "Anadhani sijui kwamba anatunga."

"Kabla, alikuwa akikutoboa kidole gani?"

"Hiki cha pete."

"Gumba alianza lini?"

Vidole vya bibi vilitafuta ncha ya kanga, vikaipata, vikaanza kuisokota.

"Bibi?"

"Mwanangu, mimi sioni. Lakini kioo na pamba navitofautisha. Alikitoboa, akakifuta, halafu akakiweka kwenye kitu cha baridi, laini. Nikajua ni simu yangu. Wiki ile redio ilikuwa haisemi kingine ila kura. Mimi si mjinga."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema? Hata tulipokuja?"

"Angeacha kuja." Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayetaja bei ya sukari. "Kura naulizwa mara moja kwa mwaka. Mkono wangu unashikwa kila wiki, na yeye peke yake. Ungekuwa wewe ungechagua kipi?"

Inspekta alisogea karibu naye kwenye mkeka. Alimshika bibi mkono, akakaa naye zaidi kidogo kuliko alivyopanga, kisha akaona aibu ya kuondoka, akakaa tena.

*

Walimkuta Nesi zahanati, akipanga bandeji kabatini. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, sare nyeupe safi, nywele amezifunga kwa kitambaa. Alipowaona mlangoni alifunga kabati, akanawa mikono kwa makini hadi kwenye viwiko, akaikausha.

"Naweza kumaliza mgonjwa mmoja?" aliuliza. "Kuna mtoto wa kubadilisha dawa."

"Maliza," Inspekta alisema.

Walisubiri kwenye benchi pamoja na akina mama. Hakukimbia. Sajini alikuwa amekwenda kusimama kwenye mlango wa nyuma, akarudi akijisikia mpumbavu.

Katika chumba cha mahojiano kulikuwa na meza, viti na dirisha lililotazama uwanja wa magari mabovu. Inspekta alimsomea haki zake: ya kukaa kimya, ya kuwa na wakili. Nesi alisikiliza hadi mwisho.

"Wakili wa nini," alisema. "Uliza."

"Ni wewe uliyepiga kura za wazee?"

"Ni mimi."

Sajini, aliyekuwa akiandika, aliinua kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa safari ndefu.

"Ulifanyaje?"

"Wote wana simu, wote wana sukari, na wote wananiamini. Naichukua simu, nasema nataka kukuwekea kengele ya kukukumbusha dawa. Naweka kweli, sikudanganya hapo. Nafungua Kapu. Namtoboa gumba, nafuta damu, nakishika kile kidole huku namuuliza habari za wajukuu. Wazee wakiulizwa wajukuu hawaangalii mkono."

"Mbona ulilazimika kutoboa gumba lenyewe?"

"Ningeshikaje kidole cha mtu bila sababu? Nilihitaji mkono utulie mkononi mwangu. Na baadaye sikurudi kwenye kidole cha pete, wasije wakajiuliza."

"Kuna aliyekulipa?"

Nesi alimtazama kana kwamba ametukanwa. "Nani anilipe?"

"Kwa hiyo daraja unalitaka mwenyewe."

"Mimi ni wa ng'ambo, Afande. Nimezaliwa kule. Mdogo wangu bado yuko kule."

Nje mtu alijaribu kuwasha gari, likakohoa, likazima.

"Mdogo wangu alipata uchungu kabla ya siku zake," Nesi alisema. "Mvua ilikuwa imenyesha milimani, siyo hapa. Hapa kulikuwa na jua. Lakini korongo lilijaa. Mkandarasi anachimba pale mawe, anayaona makavu. Siku ile hukuona jiwe hata moja. Nilikwenda hadi ukingoni na mkoba wangu. Nyumba yao naiona. Naona mlango. Naona mpaka kanga yake kwenye kamba, ile ya njano niliyompa mimi. Nikampigia shemeji simu. Nikamwambia mfanyie hivi, mshike hivi, geuza hivi. Mwanamume hajawahi kushika hata mtoto wa paka. Alifanya yote niliyomwambia, hakukosea. Mtoto akatoka, halii. Nikamwambia mpulizie. Mpulizie tena. Alipuliza muda mrefu sana. Mimi nimesimama na mkoba wenye kila kitu, kila kitu kilichotakiwa kilikuwa ndani ya ule mkoba."

Sajini alikuwa ameacha kuandika.

"Maji yalipungua jioni," Nesi alisema. "Ya kifundoni tu. Ungevuka na ndala."

"Mdogo wako?"

"Alipona. Hazungumzii. Mwaka ule Kapu lilichagua taa za uwanja wa mpira."

"Daraja lilikuwepo kwenye kura?"

"Lipo kila mwaka. Kila mwaka watu wa ng'ambo tunapiga kura wote, wagonjwa na wazima, hakuna anayebaki. Na kila mwaka tunashindwa, kwa haki kabisa. Hakuna mwizi wa kumkamata. Hapo zamani mwenyekiti akila fedha ulikuwa na mtu wa kumchukia. Sasa nimchukie nani? Wengi wape, ndivyo tulivyofundishwa. Sawa, wengi wape. Na wachache wapeni nini?"

Inspekta alikuwa amewahoji wauaji ambao hawakumchosha hivi.

"Mzee Cherehani naye ni mmoja," alisema hatimaye. "Alikuja hapa akatuambia anaulizwa kitu kimoja tu kwa mwaka kama mtu mzima. Ulimnyang'anya hicho."

Kwa mara ya kwanza uso wa Nesi uliyumba. "Najua."

"Hadithi hii uliyonieleza. Uliwahi kumweleza?"

"Nani?"

"Yeye. Bibi. Dereva. Umewashika mikono miaka mingapi? Uliwahi kumwambia hata mmoja, nipe kura yako, sababu yangu ni hii?"

Nesi aliitazama mikono yake iliyonawa sana hadi ngozi imepauka.

"Sikuwahi kumwambia mtu," alisema. "Nilidhani nikianza kusema sitaweza kufanya kazi."

Alitia saini maelezo yake kwa mwandiko mzuri. Kabla ya kupelekwa mahabusu aliomba jambo moja, na Inspekta akalibeba mwenyewe hadi kwa Mkuu wa kituo. Mkuu aligoma, kisha akakubali, kwa sharti la pingu.

*

Wakazi walikusanyika kwenye ukumbi wa shule mchana, siku moja kabla ya kura ya kubatilisha. Wengine walikuja kumzomea. Nesi alisimama mbele, Sajini kando yake akiwa ameshika koti lake mbele ya zile pingu, eti anaogopa litakunjamana.

Nesi alieleza alichofanya, kisha akaeleza kwa nini. Hakulia na hakuomba asamehewe. Alipomaliza, hakuna aliyezomea wala kupiga makofi. Mtu mmoja nyuma alisema mwizi ni mwizi, na wengi wakaitikia kwa chini.

Mzee Cherehani alinyanyuka kwa fimbo. Ilimchukua muda.

"Mtoto alikuwa wa kike au wa kiume?"

"Wa kike, baba."

Mzee alitikisa kichwa polepole. "Nimekushonea sare wewe. Na huyo mdogo wako, alikuwa anararua mifuko. Ungeniomba kura, ningekupa. Paa ningelisubiri." Akaiegemea fimbo yake. "Sasa sijui. Umeniudhi, mwanangu. Umeniudhi sana."

Akakaa. Mkaza mwanawe akamshika mkono.

Kura ile ya wizi ilibatilishwa bila ubishi. Shimo la msingi likafunikwa kwa mbao, mkandarasi akalaani wote. Kisha ikapigwa kura mpya, paa na daraja, kila mzee na kidole chake, na askari wawili wakizunguka nyumba za wasiotoka. Bibi asiyeona alimtimua aliyetaka kumsaidia, akasema kidole chake anakijua.

Daraja lilishinda. Lilishinda kwa tofauti ya kura chache kuliko zile alizokuwa ameiba Nesi. Mzee Cherehani alipiga yake akiwa amempa mkaza mwanawe mgongo, na hadi leo akiulizwa hujibu kwamba kura ni siri.

Hakimu alimpa Nesi kifungo, kifupi kuliko alivyoomba mwendesha mashtaka na kirefu kuliko walivyotarajia wazee wake. Leseni yake ilisimamishwa. Inspekta alianza kupita kwa bibi kila alipotoka kwa mama yake. Hakujua kukata kucha vizuri, bibi akamfundisha.

Masika yalipofika, korongo lilijaa tena ukingo hadi ukingo. Siku hiyo, saa za kutembelea wafungwa, mdogo wake Nesi aliingia gerezani na kikapu cha matunda. Walikaa wakitazamana, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze. Kisha macho ya Nesi yakashuka sakafuni, yakatua miguuni pa mdogo wake, yakabaki pale.

Viatu vilikuwa vikavu.